Shajara ya mradi: Elimu ya msingi bila malipo katika vijiji vya bara ya Kilifi, Januari hadi Septemba 2024

Januari

Mradi huu ni wa kikundi kidogo cha wasaidizi wa kisheria wa kujitolea katika vijiji vya bara ya Kaunti ya Kilifi, upande wa Ganze. Shajara tunaiandika ili wenzetu wanaofanya kazi kama hii kwingineko waone hatua tulizopiga na mahali tulipokwama. Lengo tulilojiwekea ni moja: mtoto yeyote wa vijiji hivi asikae nje ya darasa kwa sababu ya malipo ambayo sheria hairuhusu yamzuie, wala kwa sababu ya kukosa cheti.

Haki yenyewe haina utata. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imefafanua nani anawajibika kwa lipi, na Sheria ya Watoto ya 2022 imeirudia haki hiyo katika kifungu chake cha 13. Hata hivyo, katika juma ambalo shule zilifunguliwa tulihudhuria baraza la chifu na kusikia Sheria ya Elimu ya Msingi ikisomwa nusu. Wazazi walielezwa kifungu cha 30, kinachomtaka kila mzazi ahakikishe kwamba mtoto wake anahudhuria shule, na kwamba anayekaidi bila sababu ya kutosha anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au kupewa adhabu zote mbili. Yote hayo ni kweli. Lakini hakuna aliyekisoma kifungu cha 29, kinachokataza shule ya umma kutoza karo ya masomo, wala kifungu cha 39, kinachoiwajibisha serikali kuhakikisha kwamba watoto wanaandikishwa, wanahudhuria na wanamaliza elimu ya msingi.

Mama mmoja aliyekuwa ameketi nyuma kabisa, chini ya mkwaju, alisimama akauliza, "Chifu, mimi mtoto nilimpeleka, nikarudishwa naye langoni. Sasa atakayefungwa ni mimi au ni aliyemrudisha?" Watu walinyamaza. Chifu, ambaye ni mtu muungwana na anayewajali watu wake, alikiri mbele ya wote kwamba swali hilo hana jibu lake, akatuomba tuje na sheria yenyewe katika baraza litakalofuata.

Swali la mama yule ndilo lililoupa mradi wetu sura yake. Tulikubaliana kwamba katika mkutano wowote tutakaouitisha, au tutakaopewa nafasi ya kuzungumza, kifungu cha 30 hakitasomwa peke yake. Vifungu vya 29, 30 na 39 vitasomwa pamoja, kwa Kiswahili na kisha kwa Kigiriama, na kila mzazi atakayetaka nakala atapewa. Mzazi anayetishwa kwa sheria asiyoijua hujificha yeye na mtoto wake. Anayeijua sheria yote huenda shuleni akiwa na la kusema.

Februari

Mwezi huu tumetembelea boma kwa boma, tukiongozana na wazee wa vijiji, ili kujua ni watoto gani hawako darasani na ni kwa nini. Tulitarajia kusikia zaidi habari za ukame na uchomaji makaa, kwa kuwa mvua zinapokosekana familia nyingi huku huishi kwa makaa na watoto huwa ndio wabebaji. Hayo tuliyakuta. Lakini sababu iliyotajwa mara nyingi zaidi ilikuwa fedha ndogo ndogo zinazodaiwa shuleni.

Baba mmoja alitutolea kutoka mfukoni karatasi iliyochanwa kwenye daftari, imekunjwa mara nne, imechakaa mikunjoni. Iliandikwa kwa kalamu ya bluu: dawati, mlinzi, mtihani, maji, na mbele ya kila neno kiasi chake, kisha jumla chini. Haikuwa na jina la shule, muhuri, tarehe wala sahihi. Alikuwa amelipa sehemu ya jumla hiyo kwa kuuza mbuzi, na kiasi alicholipa kiliandikwa pembeni kwa penseli. Mtoto wake wa Gredi ya 4 alikuwa amerudishwa nyumbani kwa salio.

Kifungu cha 29 kinalizungumzia jambo hili waziwazi. Malipo mengine yasiyo karo yanaweza kuruhusiwa katika shule ya umma iwapo Waziri ameyaidhinisha kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, lakini hakuna mtoto atakayekataliwa kuhudhuria masomo kwa sababu hajayalipa, na hakuna mtu atakayekusanya fedha hizo bila kutoa risiti rasmi. Kwa hiyo hata kama kila kitu katika karatasi ile kingekuwa kimeidhinishwa, kumrudisha mtoto nyumbani kulikuwa kosa, na kupokea fedha kwa karatasi ya namna ile kulikuwa kosa jingine.

Ni lazima niandike pia upande wa walimu wakuu, kwa kuwa bila kuuelewa mradi huu hautafika popote. Mwalimu mkuu mmoja alitupokea vizuri, akafunga mlango wa ofisi na kutufungulia vitabu vyake. Kiwango rasmi cha fedha za serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka, kiasi ambacho ukikigawanya kwa siku 365 hakifiki shilingi 4 kwa siku. Kutokana na fungu hilo zinatakiwa kutoka chaki, ukarabati, umeme, maji na mambo mengine mengi, na mara nyingi fedha hufika muhula ukiwa umekwenda mbali. Isitoshe, fedha hufuata idadi ya wanafunzi walioingizwa katika NEMIS, ule mfumo wa kielektroniki wa taarifa za elimu, na mfumo huo hudai nambari ya cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiye na cheti anakaa darasani, anakalia dawati, anatumia chaki, lakini kwa hesabu za fedha ni kama hayupo. Mwalimu alituuliza, "Hawa wasio na vyeti mnataka niwafundishe kwa fedha za nani?"

Jibu la kisheria ni kwamba mtoto anaandikishwa kwanza na cheti kinatafutwa baadaye, kwa kuwa haki aliyopewa na Katiba haikuwekewa sharti la cheti. Lakini jibu hilo halimlipi mlinzi wa shule. Hapo tulitambua kwamba ada zinazodaiwa langoni na vyeti vya kuzaliwa ni tatizo moja: kadiri watoto wengi wanavyokosa kuhesabiwa, ndivyo shule inavyowageukia wazazi, na wazazi wanaogeukiwa kwanza ni wale wale ambao watoto wao hawana vyeti.

Machi

Tulipata nafasi ya kuzungumza na bodi ya usimamizi ya shule mbili pamoja na wawakilishi wa wazazi. Mapendekezo yetu yalikuwa mepesi: orodha ya kila malipo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, mbele ya kila malipo iandikwe idhini yake imetoka wapi, na kila shilingi ipokewe kwa risiti yenye nambari.

Shule moja ilikubali siku hiyo hiyo. Katika shule ya pili mjadala ulikuwa mrefu, na mzee mmoja wa bodi alisema maneno ambayo nayaweka hapa kwa uzito wake. Alikumbusha kwamba karo ya darasa la 1 hadi la 4 ilifutwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta, watoto wakafurika shuleni mwaka 1974, kisha shule zikaanza kudai fedha za majengo kwa kuwa serikali haikuwa imetoa chochote cha kujengea madarasa. Fedha hizo zikazidi hata karo iliyofutwa, na watoto wengi waliokuwa wameingia wakatoka. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Jambo hilo linathibitishwa na historia ya elimu ya nchi hii. Mwaka 2003, serikali ya Mwai Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takribani milioni 5.9 hadi takribani milioni 7.2, na safari hii fedha za kila mwanafunzi zilitengwa, shilingi 1,020 kwa mwaka. Huo ulikuwa uamuzi wa serikali iliyokuwa madarakani. Tangu 2010 tuna haki iliyo ndani ya Katiba, ambayo serikali yoyote ijayo itaikuta na itawajibika kuitimiza, na ndiyo maana nasisitiza kwamba ada ndogo zisizo na idhini zisichukuliwe kuwa jambo dogo. Kwa njia hiyo hiyo elimu ya bure ilishawahi kuponyoka mikononi mwetu.

Mzee alipomaliza, bodi ilikubali kubandika orodha. Malipo mawili yaliondolewa kabla hata ya orodha kuandikwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kuyaandika hadharani.

Aprili

Likizo tumeitumia kwa vyeti vya kuzaliwa, na hii ndiyo kazi iliyotuchosha zaidi. Kizazi kikipita miezi sita bila kuandikishwa huhesabiwa kuwa kimechelewa, na baada ya hapo ushahidi unaodaiwa huwa mwingi zaidi: vitambulisho vya wazazi, kadi ya kliniki au ya ubatizo, barua ya chifu au naibu wake. Watoto wengi huku walizaliwa nyumbani kwa msaada wa wakunga wa jadi. Kadi za kliniki, pale zilipo, zimeliwa na mchwa au zina jina la nyumbani ambalo silo linalotumiwa shuleni.

Nyanya mmoja anayelea wajukuu watatu alitutolea kopo la majani ya chai alimohifadhi karatasi zote za familia. Tulizitandaza mkekani moja moja. Kadi ya mjukuu mkubwa ilikuwepo, wino umefifia, lakini tarehe ya chanjo ya kwanza ilisomeka tulipoielekeza juani, na tarehe hiyo ndiyo iliyotosha kuthibitisha mwaka wa kuzaliwa. Ya mdogo haikuwepo kabisa. Mkunga aliyemzalisha bado yu hai, anaishi kijiji cha pili, akakubali kufika kwa naibu wa chifu kutoa maelezo yake.

Jambo lililotushangaza ni idadi ya akina mama wasioolewa ambao hawajawahi hata kujaribu kuandikisha watoto kwa kuamini kwamba bila baba hakuna cheti. Imani hiyo haina msingi. Mama anaweza kumwandikisha mtoto wake mwenyewe. Kuhusu jina la baba, mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 12 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, kilichokuwa kikiwawekea vizuizi watoto waliozaliwa nje ya ndoa, kilikwenda kinyume na Katiba. Tumeanza kulieleza jambo hili katika vikundi vya akina mama vya kuweka akiba, kwa sababu barazani mama wa namna hiyo hawezi kuuliza mbele ya watu.

Gharama nazo zipo. Ofisi ya usajili iko mjini, nauli ya bodaboda hadi barabara kuu na ya matatu kutoka hapo ni ya kwenda na kurudi, na aghalabu mzazi huambiwa arudi siku nyingine. Tumeanza kukusanya maombi ya kijiji kizima na kuyapeleka kwa pamoja, huku chifu akiwa ameyapitia na kuyatia sahihi mapema. Utaratibu huu umepunguza sana safari za wazazi, nao tunaupendekeza kwa yeyote anayeanza mradi kama huu.

Mei

Ufunguzi wa muhula wa 2 uliahirishwa nchini kote kutokana na mafuriko, shule zikafunguliwa 13 Mei. Barabara zetu ziliharibika na kazi ya vyeti ilisimama. Tuliweza tu kuwafuatilia watoto waliokuwa wamerudishwa nyumbani kisha wakarejea darasani Machi. Wengi wako darasani. Wachache wamekwenda mashambani na wazazi wao kwa sababu ya mvua yenyewe, na mwalimu mkuu mmoja alituma watu kuwauliza, kama kifungu cha 40 kinavyomtaka mwalimu mkuu achunguze kwa nini mwanafunzi hayupo.

Juni na Julai

Suala la chakula limetushughulisha miezi yote miwili. Shule ambayo haiko kwenye mpango wa lishe wa serikali huwaomba wazazi wachange mahindi, maharagwe au fedha za mpishi. Kuna mwenzetu aliyetaka tuyapinge malipo hayo kama mengine. Mimi sikukubaliana naye, na kikundi baada ya kujadiliana kimechukua msimamo ufuatao: mchango wa chakula si ujanja wa mtu, kwa kuwa mtoto aliyetembea kilomita kadhaa bila kula hawezi kusoma hadi saa kumi. Tunachokipinga ni mtoto ambaye mzazi wake hajachanga kufukuzwa darasani, au kuketishwa kando akitazama wenzake wakila. Katika shule moja wazazi waliamua wenyewe kwamba anayeshindwa kuchanga mahindi alete kuni au achote maji siku mbili kwa muhula, na mtoto wake ale kama wengine. Mpango huo umedumu muhula mzima.

Katika shule nyingine, ambako orodha ya malipo haikubandikwa licha ya ahadi, mzazi mmoja tuliyemsaidia aliandika barua kuomba nakala ya bajeti na idhini za malipo kwa kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayomtaka ofisa wa umma kujibu ndani ya siku 21. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, ya heshima, bila lawama kwa mtu yeyote. Jibu lilipatikana kabla ya siku hizo kwisha, na orodha ikabandikwa ubaoni juma lililofuata. Idhini za baadhi ya malipo hazikuwemo, na hilo tumelibeba hadi ngazi ya juu, kama nitakavyoeleza.

Kesi moja ilikuwa ya msichana wa Gredi ya 8 aliyejifungua mwishoni mwa mwaka jana. Aliambiwa ahamie shule nyingine kwa sababu angekuwa mfano mbaya kwa wenzake. Miongozo ya kitaifa ya mwaka 2020 kuhusu kurejea shuleni inataka msichana kama huyu apokewe bila masharti, na anaweza kuchagua kurudi shule ile ile. Tulikwenda na mama yake, mwongozo mkononi, na ofisa wa elimu wa kaunti ndogo akatia neno. Alirudi. Mtoto analelewa na nyanya mchana, na mwalimu wa darasa amemruhusu kutoka wakati wa mapumziko kwenda kunyonyesha, kwa kuwa nyumbani kwao ni ng'ambo tu ya uwanja. Namwandika hapa kwa sababu hakuna fedha iliyohitajika ili arudi, ila watu wazima watatu kukubali kwamba mwongozo uliokuwa kabatini unamhusu.

Agosti na Septemba

Tulipofungua muhula wa 3 tulikuwa na mambo matatu ambayo hayawezi kumalizwa kijijini, nayo tumeyaandika katika barua kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti.

La kwanza ni idhini za malipo. Tumeiomba Bodi itoe kwa kila shule ya umma orodha ya malipo yaliyoidhinishwa, hata kama jibu ni kwamba hakuna hata moja, ili ubishi wa langoni uishe.

La pili linahusu watoto wasio na vyeti. Tumeomba walimu wakuu waruhusiwe kuwasilisha majina yao kwa orodha ya pembeni, iliyothibitishwa na chifu, ili fedha zao zitengwe wakati usajili unaendelea. Hili ndilo ombi tunalolipa uzito kuliko mengine. Serikali inayomtaka mtoto aandikishwe kwa lazima haiwezi kwa mkono mwingine kukataa kumhesabu, halafu gharama yake ikamwangukia mzazi ambaye tayari ametishwa kwa faini.

La tatu ni sekondari msingi. Kiwango cha serikali kwa mwanafunzi wa Gredi ya 7 na ya 8 ni shilingi 15,042 kwa mwaka, zaidi ya mara 10 ya kile cha mwenzake wa Gredi ya 6 aliye katika uwanja huo huo. Pamoja na hayo, tumekuta wazazi wa gredi hizo wakidaiwa fedha za maabara ambayo haijajengwa. Gredi ya 9 itaanza Januari katika shule hizi hizi, na madarasa yake mengi bado ni misingi mitupu. Tunahofia kwamba fedha za majengo zitadaiwa tena kutoka kwa wazazi, na tumeomba tamko la maandishi mapema, kabla muhula haujafungwa.

Chifu sasa husoma vifungu vyote vitatu barazani bila kuombwa. Katika baraza la Septemba aliongeza kwamba mzazi aliyerudishwa na mtoto langoni aende kwake siku hiyo hiyo, naye atamwandikia mwalimu mkuu barua. Barua hizo ameshaanza kuziandika, na nakala zake hutufikia.

Bodi imetujibu kwamba suala la orodha ya malipo limewekwa katika ajenda ya kikao cha Oktoba na kwamba tunaweza kutuma wawakilishi wawili. Tumeamua mmoja awe mzazi. Atakayekwenda ni yule mama aliyeuliza swali barazani mwezi Januari. Mtoto wake yuko Gredi ya 3, na jina lake limeingizwa katika mfumo. Kazi iliyobaki kabla ya kikao ni kukusanya nakala za risiti kutoka kwa wazazi wa shule zote, kuzipanga kwa shule na kwa muhula, na kumaliza maombi ya vyeti ya vijiji viwili vilivyokatika njia wakati wa mafuriko.